Glasi Nane za Maji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Suemy Canul alitengeneza maji. Alichemsha maua ya rozela na kuyachuja, akaloweka ukwaju, akasaga mchele pamoja na mdalasini. Kisha alijaza mitungi mitatu mikubwa ya kioo, kila mmoja lita ishirini, akatia sukari, akakoroga kwa mwiko mrefu, akaonja. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mkono wake ulivijua vipimo kuliko kitabu. Mama yake, Landy, alikuwa na desturi ya kuonja kila kitu kilichopikwa na mtu mwingine, lakini maji ya Suemy hakuyaonja. Aliyaamini.

Mitungi hiyo ilipangwa juu ya meza mlangoni, katika mtaa wa mafundi viatu wa mji wetu wa Ticul. Hapa kwetu neno maji ni pana. Maji ya rozela ni maji, ya ukwaju ni maji, ya mchele ni maji. Yale yanayotoka bombani huitwa maji matupu, na mtu huyataja kwa sauti ya huruma, kama anayetaja nyumba isiyo na kiti.

"Landy, nipe ya mchele," alisema Eusebio, mwendesha baiskeli ya magurudumu matatu inayobeba abiria. "Jua la leo linakaanga mayai."

"Chukua. Na huyo abiria wako mpe pia, asije akazimia ukakosa nauli."

Landy alijivunia jambo moja kuliko yote. Alilisema kanisani, sokoni, hata kwa wageni waliopita tu: "Katika nyumba yangu soda haijawahi kuvuka kizingiti. Sisi tunakunywa maji."

Suemy alikuwa mnene. Hakuna haja ya kulizunguka neno hilo. Ngazi za shule zilimchosha, na viatu vyake ilibidi baba yake, Gaspar, avishone mwenyewe kwa kipimo cha pekee. Nyumbani walimwita Purux, neno la Kimaya lenye maana ya kibonge, na walilitamka kwa upendo. Shuleni wavulana walimwita vivyo hivyo alipokuwa akikimbia. Neno lilikuwa moja, ila halikuingia sikioni kwa njia moja.

Mwezi wa Mei alipimwa damu katika kituo cha afya. Daktari, mwanamume mchovu aliyekuwa na watu thelathini wakimsubiri nje, aliwaambia ukweli bila kuupamba. "Sukari yake imefika ukingoni. Bado si mgonjwa. Nitampima tena Septemba. Ikivuka hapo, tutaanza dawa, na dawa hizo mtu huanza bila kujua atamaliza lini."

Landy alimfikiria baba yake mwenyewe, mzee Nicanor, aliyekatwa mguu wa kulia kwa sababu ya kisukari akiwa na miaka hamsini na sita. Alishika ukingo wa meza. "Tufanye nini, daktari?"

"Chakula kipungue. Atembee. Na soda aache."

"Soda hanywi. Anakunywa maji tu."

"Vizuri sana," alisema daktari, akaliandika hilo kwenye faili, akamwita mgonjwa mwingine.

Habari hiyo ilipomfikia Addy, dada yake Gaspar anayeishi katika jiji la Mérida, alipiga simu siku ileile. "Wifi, usihangaike. Kuna kambi ya kupunguza uzito kando ya bahari, inaitwa Mwili Mpya. Siku ishirini na moja, kilo kumi. Mtoto wa bosi wangu alikwenda, akarudi suruali zikimdondoka." Wiki ile kilifika kipeperushi chenye karatasi nzito inayong'aa. Kilijaa picha mbilimbili: huyu kabla, huyuhuyu baada.

Mwalimu wa Suemy naye alileta karatasi moja iliyotolewa nakala mpaka maandishi yakafifia. Ilihusu kambi ya San Telmo, katika shamba la zamani la mkonge, mwendo wa saa moja kutoka Ticul. Hapakuwa na picha, wala haikuahidi kilo hata moja.

Suemy hakuhitaji kufikiri. Alikibandika kipeperushi kinachong'aa ukutani, karibu na bembea ya kamba aliyolalia usiku.

"Mbona hiyo?" baba yake aliuliza.

"Baba, Septemba naingia sekondari. Shule mpya, walimu wapya. Wengi hawanijui. Nikiingia nikiwa mwembamba, watanijua hivyo. Nikiingia hivi nilivyo..."

Gaspar aliweka chini ngozi aliyokuwa akiikata. "Tutaziona zote mbili. Hata kiatu mtu hukijaribu kabla hajakinunua."

"Kiatu hakiniulizi nina kilo ngapi," alisema Suemy.

"Kinakuuliza. Wewe tu hulisikii swali lake." Wakacheka wote wawili.

Jumamosi walikwenda baharini. Kambi ya Mwili Mpya ilikuwa na kuta nyeupe, bwawa la kuogelea na bendera za rangi. Mkurugenzi aliwapokea kwa meno yote. "Mama, hapa hatuwasumbui wazazi kwa maswali mengi. Sisi tunatoa matokeo." Fomu yake ilikuwa ukurasa mmoja: jina, urefu, uzito, na nafasi ya kubandika picha ya mtoto akiwa amevaa nguo ya kuogelea.

Mbele ya ukumbi wa chakula palikuwa na mizani kubwa, na watoto walipanga foleni kupimwa kabla ya kula. Mkufunzi mwenye filimbi shingoni alisoma namba kwa sauti. Aliyepungua alipigiwa makofi. Mvulana mmoja mdogo alipopanda, mkufunzi alitikisa kichwa. "Nusu kilo juu. Huyu nadhani amekula mto wake jana." Watoto walicheka. Mvulana naye alicheka, lakini masikio yake yalikuwa mekundu kama yamefinywa.

Landy na Gaspar walipokuwa wakioneshwa vyumba, Suemy alikaa ngazini na msichana wa miaka kumi na mitano aliyeitwa Danely.

"Wewe mgeni?" Danely aliuliza. "Mimi huu mwaka wa nne."

"Wa nne?"

"Mwaka jana nilipunguza kilo kumi na moja. Mwaka juzi kumi. Ile picha ukutani, ya pili kutoka kushoto, ni mimi."

Suemy aliitazama picha, akamtazama Danely. "Na zile kilo?"

"Zilirudi, mwenzangu. Tena zilikuja na jamaa zao." Danely alisema hivyo kwa mzaha uliozoeleka, kama mtu anayesimulia habari za jirani. "Lakini hapa zinatoka. Hilo wala usitie shaka."

Ndani ya basi, Landy alimuuliza binti yake, "Yule dada alikuambia nini?"

"Amesema mwaka jana alipunguza kilo kumi na moja."

Hakudanganya. Alisema nusu, na ile nusu nyingine akaimeza. Njia nzima aliitazama barabara.

Jumapili walikwenda San Telmo. Huko watoto walikuwa wakicheza mpira kwenye uwanja wenye nyasi zisizofyekwa, wengine wakimwagilia bustani, mmoja akibishana na mpishi kuhusu vitunguu. Suemy alitafuta mizani kwa macho, hakuiona. Aliyewapokea alikuwa Mirna Ek, mtaalamu wa lishe, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye miwani na mwili mpana.

"Mwenyewe kibonge," Landy alimnong'oneza mumewe.

"Basi kazi anaijua," alijibu Gaspar.

Fomu ya San Telmo, ambayo mwalimu aliwaletea baadaye, ilikuwa na kurasa sita, nao walikuwa wameijaza nyumbani kwa siku mbili. Nani anapika? Mtoto analala saa ngapi? Anakula akiwa amekaa wapi? Jumatatu mnakula nini? Landy alicheka aliposoma swali hilo, maana Jumatatu kwetu ni maharagwe na nyama ya nguruwe, na nani asiyejua? Mirna alizisoma kurasa moja baada ya nyingine bila haraka. Katika ukurasa wa nne alisimama.

"Soda, hakuna. Maji, glasi nane kwa siku. Hongera. Watoto wachache sana wanafika nane."

Landy alinyoosha mgongo. "Kwetu hatunywi kingine. Tena nimekuletea ya leo, maana mtu haji mikono mitupu." Akatoa kikapuni chupa kubwa ya maji ya rozela.

Mirna alishukuru, akamimina glasi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa nyekundu, nzuri ya kutazama. Alinywa kidogo, akaiweka mezani polepole.

"Mama, haya ndiyo maji mliyoyaandika?"

"Ndiyo. Ya maua. Hakuna rangi ya dukani humo."

Mirna hakucheka wala hakukunja uso. Alimgeukia Suemy. "Nani huyatengeneza?"

"Mimi."

"Mtungi mmoja unatia sukari kiasi gani?"

Suemy alimtazama mama yake, kisha akajibu, "Kilo mbili na nusu."

"Na mtungi ni glasi ngapi?"

"Lita ishirini. Glasi yetu ni robo lita. Glasi themanini."

Mirna alimsogezea penseli. Suemy alipenda hesabu, na hii ilikuwa rahisi, ila hakuwahi kuifanya. Aligawanya, akazidisha kwa nane. Akaangalia jibu. Akagawanya tena upya, akidhani amekosea, likatoka lilelile.

"Robo kilo," alisema.

"Ya nini?" baba yake aliuliza.

"Ya sukari. Kila siku. Ninayokunywa mimi."

Walikwenda jikoni. Mizani pekee ya kambi ile ilikuwa huko, na kazi yake ilikuwa kupima unga. Mirna alimpa Suemy sukari aipime mwenyewe. Robo kilo ilijaa sahani ya supu mpaka pembeni. Gaspar aliigusa kwa ncha ya kidole, kama fundi anayegusa mshono alioushona vibaya.

Landy ndiye aliyesema kwanza, na sauti yake ilikuwa ngumu. "Mama yangu alilea watoto tisa kwa maji haya. Hakuna aliyekufa."

"Nakuamini, mama. Yeye alitia sukari kiasi gani?"

Landy aligeuka akatazama mlango.

"Nitakuwa mkweli," aliendelea Mirna. "Naweza kumchukua binti yako wiki tatu. Atapungua, maana hapa hakuna mitungi. Kisha atarudi nyumbani, na mitungi itamkuta palepale. Ndiyo maana tuna sharti moja. Anayepika na kukoroga nyumbani huja naye siku nne za kwanza, akajifunza pamoja naye."

"Na meza yangu nani ataiuza siku hizo nne?"

"Hilo siwezi kukujibu."

"Basi tutakwenda kwa wale wa baharini," alisema Landy akichukua kikapu chake. "Wale hawakunitukana."

Jumatatu Addy alipiga simu mapema. "Wifi, nimewabembeleza wamemwekea kitanda. Wanataka fomu na picha leo, kabla ya saa kumi jioni. Nafasi zikijaa mimi simo."

Alipotoka shule, Suemy alivaa nguo ya kuogelea akasimama mbele ya ukuta. Mama yake alishika simu ya kupigia picha. "Simama wima. Inua kidevu. Geuka kidogo." Suemy aligeuka. Alikiona kipeperushi pale juu ya bembea, na katika jozi mojawapo, picha ileile aliyoiona ukutani kambini, alimwona Danely akitabasamu, mwembamba kama mwanzi.

"Mama, kuna jambo sikukuambia."

"Jambo gani? Tulia picha isitikisike."

"Yule dada. Huu ni mwaka wake wa nne pale. Anapungua, halafu zinarudi zote, halafu anarudi yeye. Kila mwaka."

Landy alishusha simu. "Na mbona ulinyamaza?"

"Nilizitaka zile kilo kumi." Suemy alijifunika taulo mabegani. "Hata kama zitarudi. Nilitaka Septemba tu. Nilitaka siku moja niingie darasani hakuna anayenigeukia."

Mama yake alikaa kitako kwenye bembea ya binti yake, kamba zikalia. Alikuwa mwanamke mwenye kiburi cha kazi yake, na kiburi cha namna hiyo si kibaya, ila kinachelewa kuinama.

"Nami nilinyamaza," alisema mwishowe. "Yule mtaalamu aliniuliza mama yangu alitia sukari kiasi gani. Najua. Ngumi moja kwa mtungi mzima. Siku zile sukari ilikuwa ya sikukuu. Mimi nilipoanza kuuza, mteja mmoja alisema yangu hayana utamu, nikaongeza. Mwingine akasema, nikaongeza tena. Mwisho nikakufundisha wewe kipimo, nikasahau kwamba ni mimi niliyekipandisha." Aliiweka simu kando. "Unajua nani alikuwa mteja wangu wa kwanza kila asubuhi? Babu yako."

Suemy alikaa kando yake. Bembea iliinama karibu kugusa sakafu, wakajishikilia wasianguke.

"Mama, hii haitutoshi."

"Haitutoshi. Nenda kavae nguo zako."

Landy alimpigia Addy. Suemy aliyasikia maneno ya mama yake tu; ya shangazi yalikuwa kelele ndani ya simu. "Wifi, Mungu akulipe kwa uliyoyafanya. Hatuendi... Hapana, hatujachanganyikiwa... San Telmo... Bwawa la kuogelea hawana. Wana jiko."

Mwezi wa Julai meza ilifungwa siku nne. Gaspar aliandika kwenye kipande cha boksi la viatu: TUMEKWENDA KUJIFUNZA MAJI. Mtaa mzima ulicheka. Eusebio alisimama mbele ya boksi hilo akamwambia kila aliyepita, "Mwaka ujao watakwenda kujifunza kupumua."

San Telmo haikuwa sikukuu. Siku za mwanzo kichwa kilimuuma Suemy na maji matupu yalimchukiza. Alilia kwa sababu ya glasi moja ya maji ya ukwaju, jambo ambalo baadaye alilisimulia mwenyewe bila haya. Alitembea asubuhi, alicheza mpira akiwa golikipa kisha beki, alijifunza kula polepole na kuacha sahani kabla tumbo halijalalamika. Mama yake alijifunza kwamba ulimi hudanganywa kidogo kidogo kama ulivyozoezwa kidogo kidogo. Mirna alimshauri apunguze kikombe kimoja cha sukari kila wiki, aongeze ndimu na mdalasini, asitangaze.

Wateja hawakuwa wajinga. "Landy, sukari imeadimika?" Eusebio aliuliza wiki ya tatu.

"Ipo dukani. Kama unaitaka kanunue."

"Maji haya yana maji mengi."

"Ndivyo yalivyoitwa tangu zamani. Kunywa."

Wengine walihamia kwa muuzaji wa upande wa pili wa uwanja, na baadhi yao hawakurudi. Landy aliumia, lakini hakurudisha kile kikombe. Mzee Nicanor, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, alionja maji mapya ya mchele akasema yanamkumbusha marehemu mkewe. Kisha akaomba matupu, kama daktari wake alivyomwagiza.

Septemba ilipofika, Suemy alikuwa amepungua kilo nne. Aliingia sekondari akiwa bado mnene, na siku ya kwanza mvulana mmoja kutoka shule yake ya zamani alimwita Purux mbele ya darasa jipya. Wanafunzi waligeuka, kama alivyokuwa akiogopa. Suemy alihisi uso ukiwaka.

"Naitwa Suemy Canul," alisema. "Hilo jingine ni la nyumbani kwetu, na wewe hujaalikwa." Mtu mmoja alicheka, lakini hakumcheka yeye. Mwalimu akaingia, somo likaanza. Siku aliyoiogopa mwaka mzima ilikuwa imechukua dakika moja.

Ijumaa walirudi kituo cha afya. Daktari alisoma karatasi ya maabara mara mbili. "Imeshuka. Si sana, lakini imetoka ukingoni. Hakuna dawa. Endeleeni mlivyoanza, nimpime tena Januari." Landy aliinuka. Alimshika daktari mkono kwa mikono yake miwili mpaka mgonjwa mwingine akaingia.

Walitoka wakaelekea nyumbani kwa miguu. Walipofika kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, Suemy alipunguza mwendo.

"Mama, juzi shuleni nilikunywa soda. Walikuwa wananunua wote."

Landy alisimama. Miezi mitatu nyuma angepandisha sauti. "Chupa ya kiasi gani?"

"Kubwa."

"Uliimaliza?"

"Niliimaliza."

Landy alivuta pumzi, akamrekebishia mkanda wa begi begani. "Asante kwa kuniambia. Sikiliza, mwanangu. Ile kambi ya baharini nisingeweza kuilaumu. Ilituuliza uzito wako, tukaujibu. Kosa letu lilikuwa la nyumbani. Kila mtu aliyetuuliza tulimpa neno zuri, nasi wenyewe hatukulichungulia ndani. Mwili wa mtu unasaidika pale tu anapotaja bila kuona haya anachokula na anachokunywa. Ukitaka kujua nani wa kumwamini na afya yako, mtazame anayekuuliza maswali yanayouma, kisha umjibu yote. Nusu ya jibu haitibu hata nusu ya ugonjwa."

"Hujakasirika?"

"Nimekasirika kidogo. Kesho tutaamka mapema, tutatembea mpaka njia ya makaburi na kurudi. Mimi na wewe. Na mimi nina la kwangu la kukuambia tukiwa njiani, maana juzi nilikula mikate mitamu mitatu nyuma ya mlango."

Suemy alimtazama mama yake kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Wakaendelea kutembea, na safari hii hakuna aliyekuwa na kitu cha kuficha.